"Mbona Wanawake Tu?": Wananchi Wanauliza, Wataalamu Wanahubiri

Mwaka 2014 Kenya ilikuwa katikati ya kampeni ya chanjo ya pepopunda. Waliolengwa walikuwa wanawake wa miaka 14 hadi 49, katika maeneo yaliyoonekana kuwa na hatari zaidi, na chanjo ilitolewa kwa awamu. Kwa mtaalamu wa chanjo hapo hapakuwa na jipya, kampeni za namna hiyo zimefanyika nchi nyingi. Mwezi Novemba maaskofu wa Kanisa Katoliki wakajitokeza hadharani na tuhuma nzito: kwamba chanjo hiyo imechanganywa na homoni ya ujauzito iitwayo hCG, ili mwili wa mwanamke ujifunze kuikataa mimba. Wizara ya Afya ikakanusha. Shirika la Afya Duniani na UNICEF nao wakakanusha. Ukazuka ubishi wa maabara, huyu anatoa majibu yake, yule anayatilia shaka, na katikati yupo mama anayejiuliza kama aende au asiende.

Serikali na mashirika hayo walikuwa na haki ya kukanusha. Lakini ukiyasoma upya malalamiko ya wakati ule, unakuta yamebebwa na maswali ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza. Mbona wanawake tu, wakati mwanamume akichomwa na msumari shambani naye hupata pepopunda? Mbona umri wa kuzaa, si watoto wadogo wala bibi zetu? Mbona eneo hili, jirani hapana? Mbona sindano inarudiwa mara nyingi hivyo?

Yote yana majibu. Kampeni ile ililenga pepopunda ya watoto wachanga. Mtoto huipata kupitia kitovu, kikikatwa kwa wembe mchafu au kikipakwa udongo au kinyesi cha ng'ombe, na baada ya siku chache hawezi tena kunyonya, mwili umekakamaa. Kumchanja yeye siku anapozaliwa ni kuchelewa, kwa sababu kinga haijengeki haraka hivyo. Njia iliyopo ni kumchanja mama, na kinga ya mama humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma angali tumboni. Ndiyo maana wanawake, ndiyo maana umri wa kuzaa, ndiyo maana maeneo ambako hatari ilikuwa kubwa. Sindano inarudiwa kwa sababu kinga ya pepopunda hujengwa hatua kwa hatua: mwanamke ambaye hakuchanjwa utotoni anahitaji dozi tano kwa mpangilio ili alindwe miaka yote ya uzazi wake. Wala dawa yenyewe si ngeni, akina mama wamekuwa wakichomwa chanjo ya pepopunda kwenye kliniki za wajawazito miaka nenda rudi.

Maelezo hayo hayajazi ukurasa wa daftari, na mama aliyeishia darasa la saba anayaelewa bila kurudiwa. Yalitolewa, ndiyo, ila yalisikika kama utetezi, tuhuma ikiwa imeshatembea nchi nzima. Anayejibu baada ya kushtakiwa, hata akisema kweli tupu, ana sauti ya mshtakiwa.

Naamini kushindwa kwingi kwa elimu ya afya katika nchi zetu kunafanana na huku. Tukishindwa tunasema "jamii haina uelewa". Utaisikia kauli hiyo katika kila semina, kati ya chai ya saa nne na posho ya jioni. Mimi naona jamii ilikuwa na swali, na aliyepewa fedha za kuzungumza nayo alikuja na jibu la swali jingine, aghalabu lililoulizwa na mfadhili. Swali la watu likabaki wazi, na swali lililo wazi halikosi mtu wa kulijibu.

Ona chanjo dhidi ya kirusi kiitwacho HPV. Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na swali la mzazi ni lile lile: mbona wasichana tu? Jibu fupi ni kwamba kirusi hiki ndicho chanzo kikuu cha saratani ya mlango wa kizazi, na chanjo hufanya kazi vizuri zaidi ikimkuta binti kabla hajaanza kujamiiana. Jibu kamili linaongeza kwamba wavulana nao wangefaidika, na zipo nchi zenye uwezo zinazowachanja, ila dozi zikiwa chache anaanza yule ambaye hatari yake ni kubwa. Wazungumzaji wengi huikata sehemu hii ya pili wakidhani inawachanganya watu. Mzazi mwenye simu ataikuta peke yake, kisha ajiulize kwa nini alifichwa.

Mwaka 2024 Tanzania ikabadilisha ratiba: dozi moja badala ya mbili, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa mtafiti hiyo ni habari njema. Kwa mzazi aliyeambiwa kwamba dozi ya pili ni lazima, ni kigeugeu. Na hapa tulikuwa na hadithi nzuri ya kusimulia, tukaiacha kwenye majarida ya kisayansi: sehemu ya ushahidi uliobadilisha ratiba hiyo ilitoka kwetu. Wasichana 930 wa Mwanza waligawanywa katika makundi ya dozi moja, mbili na tatu, wakafuatiliwa kuona kinga yao inadumu vipi. Nchini Kenya wasichana na wanawake zaidi ya 2,000 wa miaka 15 hadi 20 waliingia kwenye utafiti wa dozi moja, na ukaonyesha kinga ya zaidi ya asilimia 90 dhidi ya aina za virusi zilizo hatari zaidi. Ni wazazi wangapi wa Mwanza wenyewe wanaolijua hilo? Mtu akielezwa kwamba ushauri umebadilika kwa sababu mabinti wa mkoa wake walifuatiliwa kwa miaka, haoni kigeugeu. Anaona kazi imefanyika.

Turudi nyuma kidogo, Morogoro, Julai 2008. Dawa za kichocho zilikuwa zikigawiwa katika shule za msingi. Kichocho kilikuwepo, dawa ilikuwa ya bure, na usalama wake unajulikana kwa miongo mingi. Vurugu zikazuka mashuleni, na Wizara ya Afya ikalazimika kusimamisha ugawaji. Uvumi ulisema dawa ni mbovu, ni majaribio kwa watoto wa Kiafrika, ni ya kuzuia uzazi.

Ili kuelewa, ingia darasani siku ya kumeza. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, kidonge kikubwa, kichungu, chenye miligramu 600. Idadi ya vidonge hutegemea uzito wa mtoto, na kwa kuwa shule hazina mizani, hutumika fimbo yenye alama: mtoto anasimama kando yake, urefu wake ndio unaosema ameze vingapi. Anayegawa ni mwalimu. Dawa hii ikimkuta mtoto hajala, na wapo watoto wengi wanaotoka nyumbani na chai ya rangi au bila chochote, huleta tumbo la kukata, kichefuchefu na kizunguzungu. Tena anayesumbuliwa zaidi mara nyingi ni yule aliyekuwa na minyoo mingi, kwa kuwa inakufa kwa wingi ndani yake. Kwa daktari, mtoto aliyelala chini ya mwembe ameshika tumbo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Kwa mama aliyepata habari akiwa sokoni, mwanawe amelishwa sumu, na aliyemlisha ni mwalimu wa hesabu mwenye fimbo mkononi.

Mama huyo alihitaji kuambiwa mambo matatu siku mbili tatu kabla. Mpe mtoto uji mzito asubuhi hiyo. Anaweza kuumwa tumbo au kusikia kizunguzungu kwa saa chache, kisha itaisha. Mhudumu wa afya atakuwa hapa shuleni mpaka jioni, jina lake fulani, namba yake hii. Wapanga kampeni wengi huogopa kutaja maudhi ya dawa mapema, wakihofia kuwatisha wazazi. Ni hesabu mbaya. Maudhi yaliyotajwa jana yakitokea leo, yanamthibitisha aliyeyataja. Yakitokea bila kutajwa, huwezi tena kumwonyesha mtu takwimu za usalama, hata ziwe nzuri namna gani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri uliozoeleka, kwamba kuzungumza na hadhira mbalimbali ni kupunguza ugumu: toleo refu la daktari, la kati la mwalimu, na fupi la mkulima, lenye katuni ya mkulima mwenyewe akitabasamu. Mkulima wa Kilosa hahitaji mabaki ya kile anachotaka daktari. Anataka kitu kingine kabisa. Mzazi anauliza kama mwanawe atadhurika, na akidhurika ampigie nani. Mwalimu anauliza mtoto akianguka mikononi mwake lawama itakuwa ya nani, na swali hilo hatalisema kwenye mafunzo mbele ya afisa elimu. Shehe na padri wanauliza nani analipia jambo hili na kwa nini wao wameitwa mwishoni, siku ya kukata utepe. Mwandishi wa habari anataka wangapi, wapi, tangu lini, na nani atakubali kunukuliwa kabla gazeti halijafungwa. Diwani anawaza uchaguzi, hata kama hasemi. Unaweza kuwapa wote hawa kipeperushi kimoja chenye lugha nyepesi kabisa, kisarufi safi, na asiwepo hata mmoja aliyejibiwa.

Lakini tusiwaonee wapanga kampeni peke yao. Elimu ya afya ambayo karibu kila mtu huipata huandikwa kwa kalamu juu ya kibahasha cha dawa. 1 x 3. 2 x 2. 4 x 2, siku 3.

Hiyo ya mwisho ni dawa mseto ya malaria, ALu, iliyochukua nafasi ya dawa ya zamani, SP, nchini Tanzania kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006. Mtu mzima hupewa vidonge 24, vinne kwa kila dozi, dozi sita, siku tatu. Hesabu ya kibahasha iko sawa. Ila mpango wenyewe unataka dozi ya pili imezwe saa 8 baada ya ile ya kwanza, ndipo zinazofuata ziende kwa asubuhi na jioni. Aliyepimwa asubuhi akameza ya kwanza saa nne hana tabu, ya pili itaangukia saa kumi na mbili jioni. Aliyepita kituoni akitoka kibaruani, akameza ya kwanza saa kumi na mbili jioni, ya pili yake ni saa nane za usiku. Inabidi ategeshe simu imwamshe. Kibahasha hakisemi hivyo. Kinasema mara mbili, naye anaelewa asubuhi na jioni, anameza kesho alfajiri, akiamini amefuata maelekezo. Na kweli, amefuata yale aliyopewa.

Halafu kuna chakula. Dirishani utaambiwa "umeze baada ya kula". Ni kweli, lakini hakujitoshelezi, kwa sababu lumefantrini, moja kati ya dawa mbili zilizomo ndani ya kidonge kile, inahitaji mafuta ili mwili uifyonze. Ikikutana na mlo wenye mafuta, kiasi kinachoingia kwenye damu huongezeka mara nyingi sana ukilinganisha na tumbo tupu. Mgonjwa wa malaria hana hamu ya kula. Anajilazimisha vijiko vitatu vya uji mweupe, anahesabu amekula, anameza. Kikombe cha maziwa kingetosha. Uji wenye karanga ungefaa, au kipande cha chapati. Mama yake aliyekaa kando ya kitanda angeupika uji huo wa karanga bila kuulizwa mara mbili, kama kuna mtu angemwambia. Siku ya tatu homa imeondoka, mgonjwa anajiona mzima, vidonge vinane vilivyobaki vinaingia kabatini kusubiri homa nyingine, ya yeyote.

Tunafundishwa tangu utoto kwamba kuuliza si ujinga. Jaribu kuuliza dirishani Jumatatu saa tano asubuhi, nyuma yako foleni imefika mlangoni.

Simlaumu mtoa dawa, foleni ile ni ya kweli. Ila ipo njia isiyozidi nusu dakika, na watoa huduma wanaoitumia wanaijua faida yake: badala ya kumuuliza mgonjwa "umeelewa?", mwambie "hebu niambie, hizi za leo utameza saa ngapi?" Swali la kwanza hujibiwa "ndiyo" na kila mtu, mwenye kuelewa na asiyeelewa, kwa adabu tu. La pili linaonyesha papo hapo pengo liko wapi. Mwenye duka la dawa muhimu anaweza kulifanya, nesi wa zahanati anaweza, na halihitaji mradi.

Wasomi wasidhani mambo haya ni ya wengine. Oktoba 1995 nchini Uingereza, mamlaka ya usalama wa dawa ilitoa tahadhari kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Magazeti yakaibeba habari kama ilivyo, na wanawake wengi, wenye elimu na wasio na elimu, wakaacha vidonge. Mara mbili ya nini? Ya mwanamke 1 kati ya 7,000, ambao sasa wakawa 2 kati ya 7,000. Mwaka uliofuata utoaji mimba katika England na Wales ulikadiriwa kupanda kwa takriban 13,000, huku ujauzito wenyewe ukiwa na hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Hakuna aliyedanganya. Namba ilikuwa sahihi, ila ilinyimwa mwenzake. Na sisi, ambao mjadala wetu juu ya vijiti, sindano na vidonge vya majira huendeshwa zaidi saluni na kwenye magrupu ya WhatsApp, kila tunapoandika "huongeza hatari kwa asilimia 50" bila kusema asilimia 50 ya watu wangapi, tunafanya kosa lile lile.

Wakati mwingine ujumbe wa zamani, uliofanikiwa, ndio unaouzibia njia ujumbe mpya. Dar es Salaam ilipokumbwa na dengue, yaani kidingapopo, mwaka 2014, na tena mwaka 2019, mkazi wa mjini alikuwa ameshafundwa vya kutosha kuhusu mbu: ni wa usiku, dawa yake ni chandarua, anakaa kwenye madimbwi. Mbu wa kidingapopo anauma mchana, ana madoa meupe miguuni, na anazaliana kwenye maji safi yaliyotulia ndani ya tairi, ndoo, au kisahani cha chungu cha maua sebuleni. Mtu amelala ndani ya neti mwaka mzima, ameshikwa na homa na mwili unauma, amepima malaria hana, anaingia duka la dawa kununua diklofenaki ya maumivu, ambayo mgonjwa wa dengue hushauriwa aiepuke kwa sababu inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Huyu hakupuuza kitu. Alitii kila alichofundishwa. Kumwambia "chukua tahadhari dhidi ya mbu" kunampa nini ambacho hanacho?

Nije kwa mtu ambaye wataalamu hawapendi kumsikia. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, alikaa kijijini Samunge, Loliondo, akagawa kikombe cha dawa ya mitishamba alichosema ameoteshwa na Mungu. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi. Walikuja Watanzania, Wakenya, matajiri kwa helikopta, viongozi wa serikali na chama. Wapo wagonjwa waliotolewa wodini wakafia njiani, wapo walioacha ARV wakiamini wamepona. Kikombe hakikuponya ukimwi wala kisukari, na waliokipigia debe wana la kujibu.

Ila kama kazi ya mawasiliano, ilikuwa imekamilika kila upande. Unakunywa nini? Kikombe kimoja. Mara ngapi? Mara moja tu maishani. Shilingi ngapi? Mia tano. Nani anakupa? Babu mwenyewe, kwa mkono wake, si mwingine. Kinatibu nini? Kisukari, presha, saratani, pumu, ukimwi. Maswali ya mgonjwa yalikuwa yamejibiwa kabla hajapanda gari. Mlinganishe na mgonjwa wa kisukari anayetoka hospitali ya wilaya na karatasi yenye jina la dawa, tarehe ya kurudi, na neno "punguza wanga" kwa mtu ambaye mezani kwake kuna ugali na ugali.

Sisemi hospitali iige Loliondo. Kisukari hakina kikombe kimoja, na atakayeahidi hivyo ni mwongo hata akivaa koti jeupe. Ukweli wa tiba ni mrefu, una "inategemea" nyingi, na huo ni mzigo ambao muuza uongo hana. Lakini "ugali kiasi gani?" ni swali lenye jibu. Nesi anaweza kumwonyesha kwa ngumi yake: huu hapa, usizidi, nusu ya sahani iwe mchicha. Kati ya uhakika wa uongo na ukimya wa kitaalamu kuna nafasi kubwa sana ya kusema mambo ya kweli yanayoweza kufanywa leo jioni.

Nisieleweke pia kwamba maelezo mazuri hutosha. Ebola iliyotangazwa mashariki mwa Kongo tarehe 1 Agosti 2018 ilidumu hadi Juni 2020 na kuua watu 2,287. Wapo walioona tatizo ni vipeperushi: vya Kifaransa, au vya Kiswahili sanifu kisichokuwa kile cha Beni na Butembo, kwa watu ambao wengi nyumbani husema Kinande. Lilikuwa tatizo kweli, na lilirekebishika. Ila swali kubwa la Beni halikuwa juu ya virusi. Mji ule na vijiji vyake vilikuwa vimeshuhudia mauaji ya halaiki tangu 2014. Sasa ghafla yakaja magari meupe kwa misururu, mashirika, fedha. Tulipokuwa tunachinjwa mlikuwa wapi? Desemba 2018 ilipotangazwa kwamba uchaguzi wa Beni na Butembo umeahirishwa, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu, siku iliyofuata waandamanaji walivamia kituo cha Ebola mjini Beni. Hakuna mwandishi wa vipeperushi, hata awe hodari vipi, mwenye jibu la hilo. Jibu lake lilikuwa usalama na kura. Mhudumu wa afya pale angeweza tu kukiri kwamba swali ni la haki na kwamba haliko mikononi mwake, na hata kukiri huko wengi walikatazwa na itifaki ya ofisi zao.

Ajabu ni kwamba ukanda wetu ulishawahi kulifanya jambo hili la kuyapa nafasi maswali ya watu, tena kwa vifaa duni. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vya watu vilikutana kila wiki, kwa wiki 12, kusikiliza Radio Tanzania pamoja, kitabu kikiwa mkononi mwa kiongozi wa kikundi aliyefunzwa. Viongozi hao walikuwa takriban 75,000, na washiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Mada zilikuwa malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu kwa maelfu. Najua, zilikuwa enzi za chama kimoja, na balozi wa nyumba kumi alijua vizuri nani hajachimba cha kwake. Lakini angalia muundo wa kipindi: redio inasema, kisha redio inazimwa. Muda uliobaki ni wa kikundi kubishana. Choo hapa kwenye mchanga kitasimama vipi? Maji ya kunawa yatoke wapi kiangazi? Kikao hakifungwi mpaka kimeamua kitafanya nini wiki hiyo.

Matangazo yetu ya leo hayana ile sehemu ya kuzima redio. Yana wimbo, yana msanii maarufu, yana kaulimbiu, halafu linafuata tangazo la sabuni.

Maswali yenyewe hata hivyo hayajapotea, yanaingia kila siku. Tanzania ina namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199. Kila simu inayopigwa pale ni swali halisi la mtu halisi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaulizwa barazani, wauza dawa wanaulizwa kaunta, maimamu wanaulizwa baada ya swala ya Ijumaa. Kabla ya kampeni ijayo ya chanjo au ya dawa za minyoo, mtu mmoja akae na maswali hayo, ayachambue yanayojirudia, ayajibu kwa maandishi ya ukurasa mmoja na kwa sauti ya dakika moja, kwa kuwa hata uvumi siku hizi husafiri kwa sauti ya WhatsApp. Lile ambalo halijajulikana aliandike hivyo hivyo, halijulikani bado, pamoja na lini tunatarajia kujua. Kisha majibu hayo yamfikie mwalimu, padri, imamu, muuza dawa na mtangazaji wa redio ya wilaya wiki mbili kabla ya sindano ya kwanza, yakiwa na namba ya simu ya mtu wa kuuliza zaidi, na mtu huyo apokee. Gharama ya kazi yote hiyo haifiki bei ya fulana na kofia za siku ya uzinduzi.